Namba Isiyohama: Marubani Mbele ya Muungano wa Mashirika ya Ndege

1. Utangulizi

Mwalimu wa serikali akihamishwa kutoka Likasi kwenda Kolwezi, matrikile yake humfuata. Miaka aliyofundisha inabaki kuwa miaka yake, na mkuu wa shule mpya hawezi kumwambia kwamba ameanza kazi leo. Rubani wa shirika kubwa la ndege nchini Marekani hana bahati hiyo. Anaweza kuwa na miaka 20 ya kuendesha ndege, saa 10,000 za angani na ukapteni usio na doa. Siku atakapohamia shirika jingine, atapewa namba ya mwisho kwenye orodha, chini ya kijana aliyeingia wiki iliyopita.

Jambo hili huwa zito zaidi pale mashirika mawili yanapoamua kuungana. Orodha mbili lazima ziwe moja, na hakuna anayejua mapema jina lake litaangukia wapi. Rubani anajiuliza: nibaki hapa ningoje namba watakayonipa wengine, au niondoke sasa nikaanze upya kwingine, nikiwa na namba mbaya lakini ya hakika?

Makala hii inaeleza namna swali hilo linavyojengeka na kile ambacho miungano ya miaka 25 iliyopita imewafundisha marubani wa Marekani. Tumeona lina nafasi yake katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu ugomvi mrefu kuliko yote katika historia hiyo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya maana ya neno.

2. Namba ina kazi gani?

Kila shirika kubwa la Marekani lina orodha ya marubani wake. Wa kwanza ni yule aliyeajiriwa zamani kuliko wote, wa mwisho ni aliyeajiriwa jana. Nafasi ya rubani kwenye orodha hiyo huamua karibu kila kitu cha maisha yake ya kazi: aina ya ndege atakayoendesha, kama atakaa kiti cha kapteni au cha rubani msaidizi, mji atakaoanzia safari zake, siku zake za mapumziko, hata kama atakula Noeli na watoto wake au hotelini. Kila mwezi marubani huchagua ratiba zao kwa kufuata orodha. Wa juu huchagua kwanza. Wa chini hupokea kilichobaki.

Mshahara nao hutegemea mambo matatu: miaka aliyotumikia shirika hilo, aina ya ndege, na kiti anachokalia. Kwa hiyo anayehama hurudi kwenye mshahara wa mwaka wa kwanza, na kwa kawaida hupitia tena mwaka wa majaribio, ambapo sendika haiwezi kumtetea sana akiachishwa kazi.

Biashara ikiharibika, orodha husomwa kutoka chini. Shirika likipunguza watu, wa mwisho kuajiriwa huwa wa kwanza kutoka. Lakini hawafutwi kabisa: hupewa likizo ya lazima bila mshahara, jina likibaki kwenye orodha, na hali ikitengemaa huitwa tena kwa mpangilio ule ule. Hali hiyo inaweza kudumu miezi au miaka.

Namba hupanda kwa njia moja kubwa: walio juu kuondoka. Sheria ya Marekani inamzuia rubani wa mashirika ya ndege ya abiria kuendelea baada ya miaka 65. Hadi Desemba 2007 kikomo kilikuwa miaka 60. Kwa kuwa umri wa kila mtu unajulikana, rubani anaweza kupiga hesabu na kuona kwamba baada ya miaka 10 watu kadhaa walio mbele yake watakuwa wamestaafu. Methali yetu ya «aliye juu mngoje chini» kwake si fumbo. Ni mpango wa maisha.

3. Kwa nini namba haihami?

Mtu anaweza kudhani kwamba utaratibu huu ni wa kikatili. Una sababu zake. Marubani wa Marekani waliurithi kutoka kwa wafanyakazi wa reli, na hata sheria inayoongoza mikataba yao ni ile ya reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ili ihusu pia mashirika ya ndege. Kusudi lilikuwa kuondoa upendeleo. Kapteni anayekataa kuruka kwa sababu ya dhoruba hapaswi kuogopa kwamba mkubwa wake atamnyima safari nzuri mwezi ujao. Orodha haiangalii sura wala urafiki.

Lakini orodha ni sehemu ya mkataba kati ya shirika moja na marubani wake. Hakuna orodha ya taifa zima. Kama shirika lingempokea mgeni mwenye miaka 20 ya kazi na kumweka katikati, kila aliye chini ya hapo angeshuka hatua moja bila kosa lolote. Kwa hiyo marubani wenyewe ndio walinzi wa kwanza wa mlango huo. Kinachomlinda rubani akiwa ndani ndicho kinachomzuia kutoka.

4. Orodha mbili kuwa moja

Tuangalie sasa miungano minne, kwa kuwa kila mmoja umeacha funzo lake.

4.1. TWA na American (2001)

TWA lilikuwa shirika la zamani lenye makao makubwa ya safari huko St. Louis, jimbo la Missouri. Mwaka 2001, likiwa limeelemewa na madeni, lilinunuliwa na American. Marubani wa TWA walikuwa na ulinzi ndani ya mkataba wao kuhusu namna ya kuunganisha orodha, lakini waliukubali uondolewe ili ununuzi ufanyike. Matokeo yake, kundi kubwa la marubani wa TWA liliwekwa chini kabisa, mkiani mwa marubani wote wa American, hata wale walioajiriwa miaka mingi baada yao. Wahudumu wa ndege wa TWA walipata pigo zito zaidi: wote waliwekwa mwisho.

Miezi michache baada ya ununuzi likaja shambulio la tarehe 11 Septemba 2001. Safari zilipungua, mashirika yakaanza kupunguza watu, na orodha ikasomwa kutoka chini. Waliokuwa na miongo ya utumishi walitoka kabla ya wenye miaka michache. Hadi katikati ya mwaka 2003 wahudumu wote waliotoka TWA walikuwa nje.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa sheria ya Desemba 2007, inayojulikana kwa majina ya maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond. Inaagiza kwamba orodha ziunganishwe kwa njia ya «haki na usawa», na kwamba pande mbili zisipopatana, mwamuzi wa nje aamue. Sheria haisemi haki hiyo ipimwe kwa kipimo gani.

4.2. US Airways na America West (2005)

Hapa ndipo swali la kipimo lilipolipuka. US Airways lilikuwa shirika la mashariki ya Marekani, lenye marubani wa muda mrefu, lakini lilikuwa limeingia katika ufilisi mara mbili, mwaka 2002 na 2004. Marubani wake walikuwa wamepoteza pensheni yao ya zamani, na zaidi ya 1,000 walikuwa kwenye likizo ya lazima. America West, la Arizona, lilikuwa dogo na changa; lilianza kuruka mwaka 1983. Marubani wake walikuwa na miaka michache, lakini walikuwa kazini.

Marubani wa mashariki walisema: hesabuni tarehe ya kuajiriwa. Mtu aliyetumikia miaka 17 hawezi kuwekwa chini ya mtu wa miaka miwili. Wa magharibi walijibu: bila sisi shirika lenu lingekufa, hesabuni nafasi aliyokuwa nayo kila mtu siku ya kuungana. Kapteni abaki kapteni, na aliyekuwa nyumbani bila kazi asije akachukua kiti cha aliyekuwa angani.

Mwamuzi George Nicolau alitoa hukumu mwaka 2007. Aliwaweka marubani 517 wa US Airways juu kabisa, kwa sababu wao peke yao waliendesha ndege kubwa za safari za mbali. Waliofuata aliwachanganya kwa uwiano wa nafasi zao, na waliokuwa likizo ya lazima akawaweka chini. Hivyo mtu mwenye zaidi ya miaka 15 tangu aajiriwe aliweza kujikuta jirani na kijana aliyeingia miezi michache kabla ya muungano.

Wa mashariki walikataa. Kwa kuwa walikuwa wengi zaidi, mwaka 2008 walipiga kura, wakaiondoa sendika iliyosimamia hukumu hiyo na kuunda nyingine iliyoahidi kufuata tarehe ya kuajiriwa. Wa magharibi walikwenda mahakamani. Kesi zilifuatana mwaka baada ya mwaka, huku marubani wa shirika moja wakiendelea kuruka kwa orodha mbili, mashariki kwao na magharibi kwao, bila mkataba mpya wa pamoja. Orodha ya Nicolau haikutumika kamwe. US Airways liliungana na American mwishoni mwa mwaka 2013, na orodha ya pamoja ya wote ilitolewa na waamuzi wengine mwaka 2016, miaka 11 tangu muungano wa kwanza.

Mtu aliyekuwa na miaka 49 siku mashirika yale yalipoungana alikuwa na miaka 60 orodha ilipopatikana. Aliyesubiri hukumu ya haki alikuwa ametumia sehemu bora ya kazi yake katika kusubiri.

4.3. Southwest na AirTran (2011)

Southwest lilitangaza mwaka 2010 kwamba litainunua AirTran, na ununuzi ukakamilika mwaka uliofuata. Viongozi wa marubani wa pande zote mbili waliandika mapatano ya kwanza. Viongozi wa AirTran wakaona hayatoshi na wakakataa kuyapeleka kwa wanachama wapige kura. Uongozi wa Southwest ukaonyesha kwamba si lazima uyaunganishe mashirika yote mawili kwa namna iliyotarajiwa. Mapatano ya pili yalipokuja, yaliwapa marubani wa AirTran kidogo kuliko ya kwanza, hasa makapteni ambao sasa walikabiliwa na kurudi kiti cha rubani msaidizi. Safari hii waliyapitisha. Funzo lake ni kwamba haki iliyoandikwa kwenye sheria haina nguvu sawa mikononi mwa kila mtu. Anayenunuliwa hujadiliana huku mnunuzi ameshika mlango.

4.4. Spirit na JetBlue (2022–2024)

Mfano huu unafundisha kwa upande wa pili: muungano usiotokea. Mwaka 2022 JetBlue lilikubaliana kulinunua Spirit, shirika la nauli nafuu. Wakati huo mashirika makubwa ya Marekani yalikuwa yanaajiri maelfu ya marubani, kwa kuwa wengi walistaafu mapema wakati wa Covid-19 na abiria walikuwa wamerudi.

Rubani wa Spirit alikuwa na njia mbili. Akienda Delta au United mwaka ule, angeanza chini kabisa, lakini watu wangeendelea kuingia nyuma yake kila juma. Akibaki, angeweza kupata namba nzuri ndani ya JetBlue lililopanuka. Mnamo Januari 2024 jaji wa shirikisho alizuia ununuzi huo kwa sababu ungepunguza ushindani, na mwezi Machi mashirika hayo yaliachana. Mwaka huo huo kasi ya kuajiri ilishuka, Spirit lilianza kupeleka marubani likizo ya lazima, na mwezi Novemba likaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Mwezi Agosti 2025 liliuomba tena. Aliyeondoka mwaka 2022 alikuwa na watu wengi nyuma yake. Aliyengoja alikuta mlango umekuwa mwembamba.

Tusifanye haraka kusema kwamba aliyengoja alikosa akili. Kwa habari zilizokuwepo mwaka 2022, kubaki kulikuwa na hoja. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa kuhesabu muungano uliotangazwa kana kwamba umekwisha kufanyika.

5. Neno na vipimo vyake

Turudi kwenye ugomvi wa mwaka 2005, kwa maana hapo mwanafunzi wa lugha ana la kusema. Waingereza na Wamarekani huita jambo hili «seniority», neno lenye asili ya Kilatini, kutoka «senior», yaani mzee zaidi. Kifaransa chetu cha ofisini husema «ancienneté», nalo linaelekea kwenye ukale, muda uliopita. Maneno yote mawili yalianza na umri au wakati. Lakini katika mashirika ya ndege, neno la Kiingereza limebeba pia maana ya pili: mpangilio, yaani nani yuko mbele ya nani.

Ndani ya shirika moja maana hizo mbili hazigombani. Aliyeingia zamani ndiye aliye mbele. Mtu anaweza kulitumia neno maisha yake yote bila kuhisi kwamba linabeba vitu viwili. Mashirika yanapoungana ndipo maana zinapotengana: mwenye miaka mingi kwenye shirika lililodorora anaweza kuwa na kiti cha chini, na mwenye miaka michache kwenye shirika lililokua anaweza kuwa kapteni.

Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua. Akisema «ukongwe kazini», amewapa haki marubani wa mashariki, kwa sababu mkongwe ni aliyekaa muda mrefu. Akisema «ukuu kazini», ameelekea magharibi, kwa sababu mkuu ni mwenye cheo, awe mzee au kijana. Hatuna neno moja lililozoeleka linalobeba yote mawili, na hapa hilo si upungufu. Kutafsiri kunafunua kile ambacho neno la Kiingereza lilikuwa limekifunika.

Marubani wenyewe walifika hapo kwa njia yao. Mwaka 2009 sendika kubwa ya marubani wa Marekani, ile ile iliyofukuzwa US Airways, iliandika upya mwongozo wake wa miungano. Tangu hapo mwongozo unataja waziwazi mambo matatu ya kupimwa: matarajio ya kazi ya kila rubani kabla ya muungano, muda wa utumishi, na cheo pamoja na aina ya ndege. Haukusema kila kimoja kina uzito gani, kwa hiyo mabishano hayajaisha. Lakini kila upande sasa unajua kwamba unabishania vitu vitatu, si neno moja.

6. Rubani anajiuliza nini?

Kutokana na mifano hii, maswali ya rubani anayetaka kuamua yanaweza kupangwa hivi.

Kwanza, nimebakiwa na miaka mingapi? Mwenye miaka 36 ana miaka 29 hadi kustaafu. Akianza upya, anaweza kupoteza miaka michache ya mshahara mdogo na ratiba mbaya, kisha akapanda. Mwenye miaka 57 ana 8 tu. Kwake, kuanza mwisho ni karibu sawa na kumaliza mwisho. Ndiyo maana marubani wawili wenye namba zinazofuatana wanaweza kuamua kinyume, na wote wakawa sahihi.

Pili, nani yuko mbele yangu, na nani atakuja nyuma yangu? Orodha ya shirika lenye wazee wengi hupanda haraka. Ya shirika lililoajiri vijana kwa wingi husimama. Na anayehama wakati wa uajiri mkubwa hupata watu nyuma yake upesi, kinga dhidi ya likizo ya lazima.

Tatu, upande wangu unanunua au unanunuliwa, na una hali gani? Waamuzi wakipima matarajio ya kazi, huuliza shirika lako lingekuwa wapi bila muungano. Wa TWA na wa US Airways waliumizwa na swali hilo.

Nne, muungano wenyewe ni wa hakika kiasi gani, na kuna tarehe ya mwisho ya kukubaliana? Delta na Northwest ziliungana Oktoba 2008. Marubani wake walikuwa wameandaa mapema mkataba wa pamoja, na waamuzi wakatoa orodha Desemba mwaka huo huo. Kutoka miezi miwili hadi miaka 11 ni umbali mkubwa, na rubani anaishi ndani ya umbali huo.

Tano, ambalo haliandikwi kwenye orodha yoyote: nyumbani wanasemaje? Kuanza upya ni majuma ya mafunzo mbali na familia, pengine kituo kipya cha kazi katika mji mwingine, na sikukuu za kukosa. Mara nyingi hapa ndipo uamuzi hufanyika, baada ya hesabu zote kuwekwa mezani.

7. Hitimisho

Anayebaki hachagui usalama, na anayeondoka hachagui hatari. Anayebaki anakubali kwamba miaka yake itapewa maana na watu wengine: waamuzi, majaji, wenzake walio wengi kuliko yeye. Anayeondoka anaitupa miaka hiyo ili apate namba ambayo hakuna atakayeibishania. Methali inasema «kawia ufike», na mara nyingine ni kweli. Lakini haisemi mtu akawie hadi umri gani.

Kwetu sisi wa lugha, funzo liko karibu zaidi. Watu walioshirikiana katika kazi inayotaka maneno yawe wazi kabisa, ambapo neno lililoeleweka vibaya angani linaweza kuua, walikaa miaka 11 wakigawanywa na neno ambalo kila mmoja aliamini anajua maana yake. Siku nyingine tukikuta «haki na usawa» au «ukongwe» katika mkataba, iwe wa marubani, wa walimu au wa wachimbaji wa Kolwezi, tuulize mapema: kwa kipimo gani? Ni rahisi kuliuliza kabla ya kutia sahihi kuliko kulipeleka kwa mwamuzi baadaye.